Matairi ya bodaboda: kuyachagua, kuyafunga na kuyatunza yadumu

Ukiwauliza madereva wa steji yoyote, Arua, Gulu au Kampala, tairi gani linadumu, kila mmoja atakutajia kampuni yake. Kampuni ina uzito wake, lakini mdogo kuliko tunavyodhani. Matairi mawili ya kampuni moja, yaliyonunuliwa duka moja siku moja, moja linaweza kubaki kipara wakati mwenzake bado lina nusu ya kashata (vile vipande vya mpira vinavyoshika barabara), na kilichoyatofautisha ni upepo na namna yalivyofungwa. Mpira na tyubu kazi yao ni kuushikilia upepo usitoke. Anayebeba abiria na gunia ni upepo. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata utayaelewa bila kuelezwa mara mbili.

Soma ubavu wa tairi kabla ya kwenda dukani

Chuchumaa kando ya pikipiki, futa vumbi, usome. Pikipiki nyingi za Boxer zinazofanya boda Uganda zinatoka na 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Zipo pikipiki za rimu 18, na tairi la 18 halikai kwenye rimu ya 17 hata fundi awe na nguvu kiasi gani. Ukikuta maandishi kama 90/90-17, hayo ni ya milimita: upana 90, kimo asilimia 90 ya upana huo, rimu inchi 17.

Baada ya ukubwa kuna namba na herufi ambazo wengi huziruka, nazo ndizo zinazomhusu dereva wa boda kuliko zote. Ukiona 50P, namba 50 inamaanisha tairi hilo limepimwa kubeba kilo 190, na P inamaanisha mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. 41 ni kilo 145. 47 ni kilo 175. Uwezo huo unapatikana upepo ukiwa kwenye kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Ukipungua, na uwezo unapungua.

Tufanye hesabu. Pikipiki ina kama kilo 120. Dereva 70, abiria 70. Jumla 260. Kwa kuwa abiria amekaa nyuma, tuseme theluthi mbili ya uzito inaangukia gurudumu la nyuma: karibu kilo 173. Tairi la 50 linaweza. Sasa funga gunia la kilo 50 kwenye keria, nyuma ya ekseli. Gunia hilo lote linaangukia tairi la nyuma, tena linaivuta pikipiki nyuma na kulipunguzia tairi la mbele uzito wake. Umepita kilo 220, na tairi lilipimwa kwa 190. Hapo hujaongeza abiria wa pili, ambaye sheria ya Uganda yenyewe haimruhusu. Tairi halitapasuka siku hiyo. Nyuzi za ndani zitachoka kidogo kidogo, na siku tairi litakapopasuka huenda umebeba mtoto wa shule peke yake.

Herufi PR ni kipimo cha ugumu wa mwili wa tairi. Kwa kazi ya boda, nyuma nunua 6PR au zaidi. Tairi la 4PR ni la mtu anayekwenda ofisini na kurudi.

Halafu tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho. Hiyo ni tarehe ya kutengenezwa: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Mpira unazeeka hata ukiwa haujagusa barabara, na hapa kwetu maduka mengi huyatundika matairi mlangoni, juani, mwaka mzima. Tairi lililotengenezwa miaka mitano iliyopita na kutundikwa hapo mlangoni mimi silinunui. Likunje ubavu kwa mikono miwili chini ya mwanga: ukiona nyufa nyembamba, lirudishe. Mwombe muuzaji akutolee la ndani ya stoo.

Kashata za wapi?

Anayefanya kazi Kampala mjini na kwenye lami ya kwenda Jinja au Masaka anahitaji tairi lenye mifereji ya kutolea maji na mpira mpana unaogusa barabara. Mbele, tairi lenye mistari mirefu inayozunguka linashika njia vizuri na halichezi. Nyuma, vipande vipana vilivyokaribiana.

Anayetoka lami ya Arua kwenda Koboko kisha akaingia njia za ndani za Yumbe, au anayepanda vilima vya Kabale na Kisoro masika yanapoanza, anahitaji kashata zilizoachana kiasi ili udongo utoke kati yake. Kashata zilizobanana zikijaa udongo wa mfinyanzi, tairi linakuwa laini mzunguko mzima na hakuna tena cha kushika. Udongo mweusi wa Karamoja unalijaza tairi la aina yoyote. Huko mwendo wa polepole ndio unaosaidia.

Usidanganyike lakini na tairi la mashindano lenye kashata ndefu zilizosimama mbalimbali. Linavutia kwa macho, ila kwenye lami linaisha haraka, na lami ikilowa sehemu inayogusa barabara ni ndogo mno unapokanyaga breki. Kwa dereva wa boda anayepita lami na murramu (barabara ya udongo na changarawe) siku moja, la katikati ndilo linalofaa.

Kuhusu kuongeza upana: wengi wanatoa 3.00 na kuweka 3.25 au 3.50 nyuma ili wabebe zaidi. Hatua moja, yaani 3.25, inavumilika ikiwa tairi halikaribii cheni, madigadi wala fimbo ya breki. Lizungushe, na pawe na nafasi ya kidole kizima kila upande, kwa sababu tairi hutanuka kidogo likikimbia na udongo huganda juu yake. Zaidi ya hapo rimu nyembamba inaukaba mdomo wa tairi, yaani ukingo wake unaokaa kwenye rimu, linavimba katikati, na sehemu inayogusa chini inakuwa ndogo kuliko ya awali.

Jihadhari pia na tairi la kuchongwa. Ni kipara kilichokatwa mifereji mipya kwa kisu cha moto, kikapakwa rangi nyeusi. Ukiangalia kutoka mbali ni jipya. Mifereji hiyo imekatwa kwenye mpira uliobaki juu ya nyuzi, mahali pengine ndani ya nyuzi zenyewe. Utalitambua kwa mikono: mfereji wa kiwandani una kina sawasawa na pembe safi, wa kisu una mawimbi. Tafuta pia alama za TWI, vile vinundu vidogo ndani ya mifereji vinavyoonyesha mwisho wa tairi. Kwenye la kuchongwa vimekatwa vyote.

Tyubu

Nunua tyubu mpya kila unaponunua tairi jipya. Tyubu iliyotumika imetanuka. Ukiirudisha ndani ya tairi jipya itajikunja, na pale ilipojikunja ndipo itakapopasukia. Ukubwa wake ulingane na tairi, maana tyubu ndogo iliyolazimishwa kujaa inakuwa nyembamba na msumari wowote unaipita. Wengine wanaambiwa waweke tairi la bila tyubu, lenye alama ya TL, kwenye rimu ya spoku bila tyubu. Haliwezekani, kwa sababu upepo utatokea kwenye matundu ya spoku.

Kufunga tairi la nyuma

Hata kama hufungi mwenyewe, simama pale fundi anapofunga, kwa sababu tairi jipya mara nyingi huharibikia hapa.

1. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, ardhi ngumu. Legeza nati ya fimbo ya breki uitoe. Fungua ile fito ya chuma inayozuia sahani ya breki isizunguke. Legeza skrubu za kukazia cheni, kisha nati ya ekseli. Chomoa ekseli ukiangalia bushi ipi imetoka upande upi. Zipange chini kwa mpangilio uleule. Sukuma gurudumu mbele, toa cheni, livute nje.

2. Toa upepo wote, na uing'oe kabisa sindano ya valvu. Kanyaga ubavu wa tairi mpaka mdomo wake uachie rimu, pande zote mbili.

3. Rimu ina mfereji katikati, na kazi yote ya kutoa na kuvalisha inategemea mfereji huo. Unapoanza kubandua na liva (chuma bapa cha kubandulia tairi) karibu na valvu, mdomo wa tairi upande ulio mkabala lazima uwe umekandamizwa ndani ya mfereji. Hapo unapata nafasi na huhitaji nguvu nyingi. Fundi anayening'inia kwenye liva mpaka mishipa imtoke ameusahau mfereji, na anaweza kuukata waya ulio ndani ya mdomo wa tairi. Waya huo ukikatika tairi limekwisha, jipya au kuukuu.

4. Tairi likitoka, kagua rimu. Gongagonga kila spoku kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Spoku iliyochomoza ndani ipige tupa. Sugua kutu. Mkanda unaofunika vichwa vya spoku uwe mzima na uzunguke rimu yote. Ukiwa umechanika, mafundi wengi hukata ukanda kutoka tyubu kuukuu, nao unafaa ikiwa tundu la valvu limekaa sawa. Pancha nyingi ambazo dereva hapati msumari wake zinaanzia kwenye mkanda huu.

5. Pitisha kiganja taratibu ndani ya tairi, hata kama ni jipya. Kama unarudisha la zamani, tafuta mwiba. Miiba ya migunga ya kaskazini hukatikia ndani ya mpira na haionekani kwa nje, ila ncha yake inasubiri tyubu mpya.

6. Tafuta mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka, na uulinganishe na gurudumu litakavyokaa. Kama kuna nukta ya njano, iweke kwenye valvu, kwa sababu hapo tairi ni jepesi kidogo na valvu inasawazisha.

7. Valisha upande mmoja wa tairi kwenye rimu. Paka poda kavu tyubu na ndani ya tairi ili isigandamane. Ipe tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo la mviringo, kisha iingize na upitishe valvu kwenye tundu lake. Tyubu iliyoingizwa bapa ndiyo inayobanwa na liva.

8. Upande wa pili uanzie mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu. Paka mdomo wa tairi maji ya sabuni. Petroli, oili na grisi zinaula mpira, usiruhusu mtu akupakie. Sehemu ya mwisho iingize kwa liva fupi, hatua ndogondogo, na kabla ya kumaliza isukume valvu ndani kidogo uone kama inarudi kwa uhuru. Isiporudi, tyubu imekamatwa chini ya mdomo.

9. Jaza polepole mpaka mdomo utulie. Ubavuni, karibu na rimu, kuna mstari mwembamba unaozunguka tairi zima. Umbali wake kutoka ukingo wa rimu uwe sawa kila mahali. Ukizama sehemu moja, toa upepo, paka sabuni zaidi, jaza tena. Usizidi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Ukishatulia, toa upepo wote na ujaze upya, ili tyubu ijinyooshe mikunjo.

10. Nati ya valvu usiikaze kwenye rimu. Ipandishe juu, iibane kifuniko. Sababu ni hii: tairi lenye upepo mdogo hujizungusha taratibu juu ya rimu na kuivuta tyubu. Nati ikiwa huru, valvu inalala upande nawe unaona. Ikiwa imekazwa, shina la valvu linakatika ukiwa njiani.

11. Rudisha gurudumu. Kaza skrubu za cheni pande zote mbili kwa alama zilezile zilizochongwa kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, kushoto na kulia, ili gurudumu lisikae upande. Acha cheni icheze kiasi kinachotajwa na kitabu cha pikipiki yako. Kisha ile fito ya sahani ya breki: irudishe, nati yake na pini yake. Ikisahaulika, siku utakapokanyaga breki kwa nguvu sahani itazunguka pamoja na gurudumu, na gurudumu litafunga. Nimeona nati hiyo ikibaki kwenye kopo la fundi zaidi ya mara moja. Muulize kwa jina la nati, usione haya, fundi mzuri hatakasirika.

12. Zungusha gurudumu kwa mkono, kanyaga breki mara kadhaa, halafu uondoke.

Tairi la mbele linafuata njia ileile, ila jepesi zaidi. Kumbuka kurudisha waya wa spidomita na kuhakikisha sahani ya breki imekaa kwenye kizuizi chake.

Kilomita 150 za mwanzo nenda taratibu. Tairi jipya linatoka kwenye kalibu likiwa na ngozi laini inayoteleza, hasa kwenye mvua. Usilale kwenye kona, usikanyage breki ghafla mpaka ngozi hiyo iishe.

Upepo, kila wiki

Boxer na pikipiki za ukubwa wake kwa kawaida hutaka 25 psi (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji) mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Angalia kibandiko au kitabu cha yako. Dereva wa boda hajui abiria atapatikana lini, kwa hiyo nyuma aweke 32 asubuhi na aiache hapo.

Nunua geji yako mwenyewe. Bei yake haifiki hata robo ya bei ya tairi. Kidole hakiwezi kutofautisha 20 na 28, na teke halisemi lolote. Kompresa nyingi za kando ya njia hazina geji, au zina geji ambayo sindano yake imelala tangu zamani. Pima asubuhi kabla ya safari ya kwanza, tairi likiwa baridi. Saa nane mchana, baada ya kwenda na kurudi, upepo umepanda kwa joto. Ukiupunguza hapo, kesho asubuhi utakuwa chini ya kiwango. Uache. Na tyubu nzima kabisa bado inapoteza upepo kidogo kidogo kupitia mpira wenyewe, ndiyo maana ni kila wiki hata kama hujapata pancha.

Upepo ukiwa mdogo, ubavu unakunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, kama waya unaoukunja mpaka ukatike, na joto linapanda kutoka ndani. Mzigo unazidisha, lami ya mchana inazidisha. Ndiyo sababu matairi hupasuka kwenye lami ndefu ya kwenda Karuma zaidi ya kwenye mashimo ya kijijini. Wapo wanaopunguza upepo makusudi ili pikipiki isiruke kwenye murramu. Faraja hiyo wanailipia kwa rimu zilizopinda na tyubu zilizobanwa na jiwe, ambazo utazijua kwa matundu mawili yaliyo sambamba.

Kuzidisha nako kuna gharama yake. Tairi lililojazwa 45 linagusa barabara kwa mstari wa katikati tu, linateleza mvua inapoanza, na linaisha katikati pande zikiwa mpya.

Tairi linavyosema

Limeisha katikati: upepo ulizidi, au unakwenda lami iliyonyooka muda wote. Limeisha pande mbili: upepo ulipungua. Limeisha upande mmoja: gurudumu limekaa upande, rudi kwenye zile alama za cheni. Kipara cha mahali pamoja: breki ya nyuma ilifungwa gurudumu likaburuzwa, anayetumia breki ya nyuma peke yake atalipia matairi zaidi, na atasimama mbali zaidi. La mbele lenye mabonde mabonde: tazama shokapu, beringi na spoku kabla ya kununua jingine. Uvimbe ubavuni: nyuzi zimekatika. Hilo halina kiraka, litoe leo.

Tafadhali usilihamishie mbele tairi la nyuma lililoisha. Ukubwa wake si wa mbele, na tairi la mbele ndilo linaloongoza na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. La nyuma likikutoka unayumba na mara nyingi unaokoka. La mbele likikutoka, unaanguka kabla hujajua.

Pancha ikikupata, tyubu isuguliwe mpaka weusi wake upotee, gundi ipakwe na iachwe ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo kiraka kibanwe. Haraka ya gundi mbichi ndiyo inayokurudisha kwa fundi yuleyule jioni. Kiraka cha kuchoma ni kizuri kama fundi anajua joto. Akizidisha, tyubu inakuwa ngumu pembeni na kupasuka hapo. Tundu lililo kwenye shina la valvu halizibiki, nunua tyubu. Ukiegesha, tafuta kivuli. Na wale vijana wa kuosha pikipiki wanaopaka matairi dizeli ili yang'ae, wakataze: maji na sabuni vinatosha.

Kashata zikifika usawa wa vile vinundu vya TWI, tairi limefika mwisho, hata kama linaonekana lingeweza kwenda mwezi mmoja tena. Masika yakiwa mlangoni, badilisha mapema zaidi. Na likishatoka, kata ubavu wake kwa msumeno mahali pawili kabla ya kumwachia fundi, asipatikane mtu wa kulichonga na kulipaka rangi.